Upepo wa Singida, Waya wa Masaka

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, taa ya chumbani kwangu Hamugembe imewashwa na umeme wa Uganda. Umeme huo unatoka Masaka, unavuka mpaka kwa njia ya kilovolti 132, unapokelewa kwenye kituo cha kupoza umeme cha Kyaka, wilayani Missenyi, halafu unasambazwa kuja Bukoba mjini na kuendelea upande wa Muleba. Imekuwa hivyo tangu miaka ya 1990. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilibidi isafirishwe mpaka huku mwisho wa nchi. Gridi ya taifa, ile inayotajwa bungeni kila mabwawa yanapokauka, kwetu ilikuwa habari ya watu wa mbali.

Ukitaka kuona historia inavyoweza kucheka, simama Kyaka. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, na wazee wetu waliokuwa ng'ambo walikimbia na walichoweza kubeba kichwani. Miaka isiyofika 20 baadaye, hapohapo Kyaka zikafika nyaya za umeme kutoka Uganda. Na mto wenyewe ni kichekesho kingine. Maji ya Kagera huingia Ziwa Victoria kaskazini ya Bukoba, yanazunguka ziwani, yanatokea Jinja, na Jinja ndiko kulikojengwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo maji yanapita kwetu bure kwenda kuzungusha mitambo ya jirani, na sisi tunayanunua tena yakiwa yamegeuka uniti za LUKU.

Naanza na waya ingawa nataka kusimulia upepo, na sababu yake niliielewa kijiweni, pale Hamugembe, mbele ya fundi pikipiki. Mzee mmoja alinigeukia.

"Kijana, wewe umesoma. Upepo wote huu wa ziwa unapita bure. Kwa nini hawatuwekei yale mapangaboi makubwa ya kwenye televisheni?"

"Mzee wangu, upepo ukiwepo ni robo tu ya kazi."

"Na robo tatu?"

"Mnunuzi, mkopo na waya."

Alicheka, akasema basi nimesoma biashara, sikusoma umeme. Nadhani alinipatia.

Tuanze na hiyo robo. Wahaya hawakungoja wahandisi waje kuwaambia kwamba upepo una nguvu. Katika simulizi za hapa, ziwa na dhoruba zake ni himaya ya Mugasha, na mwenye shamba la migomba anamjua Mugasha kwa hasara. Bibi yangu upande wa Muleba hakuwahi kuusifia upepo hata siku moja. Kwake upepo ulikuwa kitu kinachokuja usiku na kuangusha migomba yenye mikungu ambayo haijakomaa, na ndiyo maana kila mgomba uliozaa ulipewa mti wa kuuegemeza. Wavuvi wa tanga wangesema vingine. Lakini mkopeshaji wa fedha haulizi bibi wala mvuvi. Anataka takwimu za mnara wa vipimo uliosimama mahali pamoja mwaka mzima au zaidi, kwa sababu nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo wa mita 8 kwa sekunde haujaupita ule wa mita 5 kwa nusu na kidogo tu: una nguvu mara nne yake. Kosa dogo kwenye kipimo linageuka hasara kubwa kwenye hesabu. Na upepo wa ziwa una tabia ya kugeuka: mchana unatoka majini kuja nchi kavu, usiku unarudi.

Vipimo vilipofanyika nchini, macho yakaenda kwenye nyanda za juu za kati na kusini. Kititimo, Singida, na Makambako, Njombe, zilionyesha wastani unaozidi mita 8 kwa sekunde, kiwango ambacho nchi nyingi zilizojenga mashamba ya upepo zingekipokea kwa shukrani. Watu wa Singida na Dodoma walishaujua upepo huo zamani kupitia pampu za maji. Kwa hiyo hadithi ya Tanzania kukosa umeme wa upepo haiwezi kuwa hadithi ya kukosa upepo.

Ni hadithi ya mnunuzi. Kuanzia mwaka 1964 serikali ilinunua hisa za kampuni za umeme zilizoachwa na ukoloni, na TANESCO ikawa mzalishaji, msafirishaji na muuzaji, yote peke yake. Shirika hilo lilijengwa juu ya maji: Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu, Mtera, Pangani Mpya, Kihansi. Orodha nzuri, mpaka mvua ikatae. Ukame wa miaka ya 1990 ulileta giza, na sera ya nishati ya mwaka 1992 ikafungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Wangezalisha wao, lakini wa kumuuzia alibaki mmoja.

Aliyeingia kwa kishindo mlangoni hapo ni IPTL. Mkataba ulisainiwa Mei 1995: megawati 100, mitambo ya mafuta, Tegeta. Ugomvi wa gharama ukaenda mpaka kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mitambo ikaanza kuuza umeme mwaka 2002. Tangu hapo Watanzania wakajifunza msamiati mpya, malipo ya uwezo wa mitambo, yaani unalipa kwa sababu mtambo upo, uzalishe usizalishe. Ukame wa 2006 ukaleta Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 ikaja akaunti ya Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 200 zilizotoka Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro uleule wa IPTL. Hiyo ilitugusa nyumbani. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, aliondolewa uwaziri Desemba 2014 kuhusiana na shilingi bilioni 1.6 alizopokea, ambazo yeye alieleza kuwa ni mchango kwa ajili ya shule. Nakumbuka jinsi mabishano yalivyogawa vijiwe vya Bukoba. Kila mtu ghafla alikuwa mtaalamu wa mikataba ya umeme.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa upepo, umeingia katikati ya hayo na makabrasha yako mkononi.

Ndicho kilichotokea Singida. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na miradi miwili inayotajwa kila mara. Mmoja ni wa Geo Wind Power, ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilikuwa mbia, wa megawati 50, na fedha zilitarajiwa kutoka Benki ya Exim ya China. Mwingine ni Wind East Africa, megawati 100, wa kampuni ya Six Telecoms, Aldwych International ya Uingereza na Shirika la Fedha la Kimataifa la kundi la Benki ya Dunia. Ilitangazwa, ikatembelewa na viongozi, ikaandikwa kwenye mipango ya taifa. Haikujengwa.

Kuelewa kwa nini, linganisha na jiko. Jenereta la dizeli ni kama jiko la gesi la bei nafuu: unalibeba leo, mtungi ndio utakaokula fedha zako kila mwezi. Mtambo wa upepo ni kama kununua jiko, mtungi na gesi ya miaka 20 kwa siku moja, tena kwa mkopo. Mafuta yake ni bure, lakini karibu gharama yote iko mbele. Kwa hiyo bei ya uniti inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na riba, na riba inaamuliwa na jinsi mkopeshaji anavyomwamini mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe, TANESCO, alikuwa na madeni, akiuza umeme kwa bei iliyopangwa na mdhibiti. Mkopeshaji akataka dhamana ya serikali. Serikali iliyoungua na IPTL ikaiona dhamana kama kaa la moto. Mimi siilaumu kwa kusita. Ila kusita huko hakukuchagua kati ya mkataba wa mafuta unaolipwa hata mtambo ukilala na mkataba wa upepo ambao mafuta yake hayapandi bei, na hapo ndipo ninapoona hasara. Deni la Tegeta lililipwa pia na vilima vya Singida.

Kampuni ileile ya Aldwych ilikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa mradi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Huko mambo yalikwenda. Kenya ilianza kidogo: mitambo miwili ya upepo vilima vya Ngong mwaka 1993, msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2008 ikatangaza sera ya bei maalumu kwa nishati jadidifu, ili mwekezaji ajue kabla atauza kwa kiasi gani. Kufikia 2017 mitambo 365 ilikuwa imesimama karibu na Loiyangalani, megawati 310, yenye mkataba wa miaka 20.

Lakini waya haukuwepo. Njia ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali, na mkandarasi wake kutoka Hispania, Isolux, alifilisika. Mitambo ilisimama kwenye upepo mkali bila pa kupeleka umeme mpaka Septemba 2018, na Wakenya wakalipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika kwenye taa yoyote. Na ardhi nayo ina historia. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za eneo la mradi, ekari 150,000 ambazo wafugaji wa Marsabit walizitumia kwa vizazi, zilipatikana bila kufuata utaratibu. Kinangop, mradi wa megawati 60 ulivunjika kabisa mwaka 2016 baada ya wakulima kuukataa. Nawaambia haya wenzangu wanaodhani kitu kikiitwa safi basi mikono ya walioleta nayo ni safi.

Tanzania iliita wazabuni wa megawati 200 za upepo mwaka 2018. Muda huohuo nguvu yote ya taifa ilikuwa inaelekea Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kuingiza umeme gridini Februari 2024. Bwawa moja lenye uwezo wa kutosha karibu nchi nzima linapunguza hamu ya kusikiliza habari za vilima vya Singida. Kwangu hapo ndipo hamu ingepaswa kuongezeka, maana tumerudi kuweka karibu mayai yote kwenye maji, na ukame wa 2006 sote tunaukumbuka, hata sisi tuliokuwa tunausikia tu redioni.

Upepo wa kwanza kuingia kwenye biashara ya umeme Tanzania haukuja kwa kishindo wala haukutoka Singida. Ulitoka Mufindi. Kampuni ya Mwenga ilikuwa inaendesha mtambo mdogo wa maji wa megawati 4 tangu 2012, ikiuzia vijiji vya jirani na ziada kuipeleka TANESCO, chini ya utaratibu wa wazalishaji wadogo ambao mikataba na bei zake zilikwisha kuandikwa mapema. Tatizo lao lilikuwa kiangazi, mto unapopungua. Wakagundua kwamba miezi hiyohiyo ndiyo upepo wa huko unapovuma zaidi. Mwaka 2020 wakasimamisha mitambo mitatu, jumla ya megawati 2.4. Ni kidogo sana, hata Bukoba peke yake isingetosheka. Lakini mnunuzi alikuwepo kijijini, waya ulikuwepo, na karatasi ya mkataba haikuhitaji waziri kuibeba kwapani.

Kwetu Kagera nyaya nazo zinahama. Maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, yamejengewa mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka ndiyo inayokusudiwa kutuunganisha na gridi ya taifa. Ikikamilika, mtoto atakayezaliwa Hamugembe ataweza kukasirikia mgao uleule na mtu wa Kinondoni, na pia atakuwa mteja, kwa mara ya kwanza, wa upepo wowote utakaojengwa Singida au Makambako. Leo ukijengwa, hautufikii.

Na Singida? Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, ilianza kupitisha umeme kupitia Namanga na Arusha, na mwisho wake ni Singida. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Tanzania ingenunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kuusafirisha kutoka Rufiji mpaka huko hupoteza mwingi njiani. Mitandaoni watu walikasirika, tuna bwawa jipya halafu tunanunua nje. Sisi wa Kagera tulitazamana tu. Lakini angalia nguzo hizo zinaishia wapi. Waya mkubwa uliokosekana Turkana, na ambao kila mwekezaji wa upepo angeulizia kwanza, sasa umefika mkoa uleule wenye Kititimo, ukiwa umebeba umeme wa watu wengine.