Waraka Uliofika Nusu: Tarikhi ya Kuhuisha Programu katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, mjini Maputo, zimetunzwa barua za karne ya 19 ambazo masheikh na masultani wa pwani ya Cabo Delgado waliwapelekea watawala wa Kireno waliokaa kisiwani Ibo, nazo zimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu za makarani waliojua adabu ya waraka kama nahodha ajuavyo njia ya kupita baina ya miamba. Waraka wa zama hizo ulikuwa na umbo lake maalumu: hutangulia anwani na sifa za mwenye kuandikiwa, zikafuatia salamu, kisha likaja neno la kufungulia shauri, shauri likaelezwa, na mwisho kabisa mwandishi akatia jina lake na tarehe. Umbo hilo lilikuwa ni adabu, na lilikuwa ni ulinzi pia. Maana mtu aliyepokea karatasi isiyo na jina wala tarehe chini yake alitambua, hata kabla ya kumwuliza mjumbe, kwamba maneno yamemfikia nusu, na mwenye akili hatendi jambo kwa waraka nusu.

Nimeanza na barua hizo kwa kuwa jambo ninalokusudia kulisimulia, yaani kuhuisha programu katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, na mashaka ya sasisho linalokataa kuingia mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, kwa asili yake ni jambo la waraka na njia ya waraka. Vijana wengi wakutanapo na mashaka hayo huishutumu mashine, wakafuta kila kitu na kuanza upya, ilhali mimi nashika kwamba aghalabu mashine imefanya sawasawa na yule aliyepokea waraka nusu: imekagua, imeona upungufu, imekataa. Kazi ya fundi ni kujua ni wapi njiani maneno yalikopungua.

Na njia za pwani hii zimehamishwa mara nyingi kwa mikono ya wenye nguvu. Ghuba ya Tungi, ulipo leo mji wa Palma, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja hata Wareno walipoitwaa kwa mizinga mwaka 1887, baada ya Ujerumani na Ureno kupatana, mwaka mmoja kabla yake, kwamba mto Ruvuma ndio mpaka baina yao. Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto huo, Wajerumani waliishika mwaka 1894, na Wareno wakaipata tena mwaka 1916 katika Vita Kuu. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja, mwenyeji wa Tungi mwenye haja ya serikali alielekeza waraka wake kwanza Unguja, kisha Ibo, kisha Porto Amélia, mji ambao tangu uhuru wa mwaka 1975 umeitwa Pemba. Na juu ya yote hayo ukasimama mji mkuu wa Lourenço Marques, ndio Maputo ya leo, ulio mbali naye kwa safari ya zaidi ya kilomita 2,000.

Waya wa simu wa chini ya bahari uliotandazwa mwaka 1879 uliunga Aden, Unguja, Kisiwa cha Msumbiji, Lourenço Marques na Durban. Ukapita mbele ya Tungi, Kerimba na Ibo pasipo kushuka pwani. Miaka 130 baadaye zikaja nyuzi za mwanga, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zikashuka Dar es Salaam na Maputo, na pwani iliyo katikati ikapitwa mara ya pili. Intaneti yenyewe ilikuwa imeingia Msumbiji katika miaka ya 1990 kwa juhudi za kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, lakini kutoka Maputo hadi ukingo wa Ruvuma ilibidi isafiri njia ndefu, kiungo hata kiungo, na mtu wa wilayani hakuipata kwa wepesi hata kampuni za simu za mkononi zilipofika. Movitel, iliyoanza kazi mwaka 2012, ilivuta nyuzi za mwanga na kusimamisha minara hadi wilaya zilizokuwa hazijafikiwa. Msomaji na aishike picha hii ya njia ndefu yenye viungo vingi, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Linux ilizaliwa Helsinki mwaka 1991, pale Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi, alipotoa kiini cha mfumo wa kompyuta na kuwaachia watu wote wakisome na kukitengeneza. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, jumuiya ya kukusanya programu huru katika vifurushi vinavyopatana, na humo ikatoka mwaka 1998 zana iitwayo APT, ambayo kazi yake yafanana na ya karani wa bohari: husoma orodha ya bidhaa zilizopo, hulinganisha na zilizomo nyumbani, huagiza zilizopungua, huzihesabu zifikapo, na ndipo humwachia mpangaji, aitwaye dpkg, azitie mahali pake. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, na jina lake ni neno la lugha za kusini lililo ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi zinazosema Kiswahili, ikadhihirika kwamba lugha iliyokuwa ikipeleka barua Ibo na Unguja yaweza pia kuandikwa katika kioo cha kompyuta.

Wenye Ubuntu walifanya jambo jingine linalostahili kukumbukwa katika tarikhi ya nchi zilizo mbali na waya: hata mwaka 2011 walimpelekea mtu yeyote aliyeomba sahani ya CD kwa posta, bure. Sahani ile ilikuwa na umbo kamili kama waraka wa karani hodari. Ilifika nzima au haikufika. Lakini programu haikai kama ilivyotoka. Kila juma hugunduliwa upenyo wa kuzibwa na kasoro ya kuondolewa, na marekebisho hayo hayakungoja posta. Sahani ilikuja kwa bahasha, masasisho yakabaki kuja kwa njia ile ndefu niliyoieleza, na hapo ndipo mashaka yalipoanza.

Na tuitazame kwa karibu kompyuta moja ya kukunja, iliyozeeka, iliyowekwa mezani Palma, inayokula umeme wa paneli ya jua na kupata intaneti kwa simu ya mkononi iliyolazwa kando yake. Mwenyewe anatoa amri ya kuhuisha. APT inaomba orodha, na orodha hiyo imetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa wenye bohari, ili isije ikabadilishwa njiani. Na ndani yake kila kifurushi kimeandikiwa hesabu ya uhakiki, tarakimu na herufi 64, ambayo hugeuka kabisa hata kama kilichopungua ni herufi moja tu. Katikati ya upakuaji mnara unanyamaza, faili linakatika, au kampuni ya simu inarudisha ukurasa wa kudai salio badala ya kifurushi kilichoombwa. APT inapiga hesabu, inaona hailingani na iliyoandikwa, inakataa. Mwenyewe anarudia amri, na pengine kipande kibovu kilichokwisha kuhifadhiwa ndicho kinachotolewa tena, hata akidhani kompyuta imelaaniwa. Dawa yake ni kukisafisha kile kilichohifadhiwa kwa amri ya apt clean, na kuagiza upya saa ambayo njia imetulia, aghalabu usiku wa manane au alfajiri.

Maradhi ya pili yamefichika zaidi, nami nimeyaona yakimla mtu siku nzima. Ndani ya kompyuta imo betri ndogo, duara kama sarafu, inayoiwezesha saa kwenda hata mashine ikizimwa. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukatikapo saa hurudi nyuma miaka mingi, na APT ipokeapo orodha yenye tarehe ya leo huiona ni ya wakati usiokuja bado, ikaikataa kama karani angalivyoukataa waraka wenye tarehe ya mwaka ujao. Mtu hushuku mtandao, hushuku bohari, hushuku programu, na kumbe kosa liko katika tarehe iliyoandikwa pembeni mwa kioo, mbele ya macho yake.

Ya tatu huletwa na umeme ukatikapo wakati dpkg imekwisha kufungua mzigo na haijamaliza kuupanga. Tangu hapo kila sasisho jipya hukataliwa mpaka amri ya dpkg --configure -a itolewe ili kazi ya jana imalizwe kwanza. Ya nne ni kujaa kwa diski, hasa ile sehemu ndogo iitwayo /boot, ambamo viini vya zamani hurundikana bila kuondolewa. Amri ya df -h huonyesha ujazo, na apt autoremove hupunguza. Ya tano ni kufuli: mfumo wenyewe huenda unajihuisha kimyakimya nyuma ya pazia, na APT haikubali makarani wawili waandike katika daftari moja, hapo dawa ni subira, na anayelivunja kufuli kazi ikiendelea hujiharibia daftari lote. Ya sita ni anwani iliyohama. Toleo la kawaida la Ubuntu huhudumiwa miezi 9, na lile la muda mrefu miaka 5. Muda ukiisha, hatimaye vifurushi vyake huondolewa katika bohari kuu na kuwekwa katika bohari ya kale, na mashine isiyoarifiwa huendelea kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, kama mzee wa Tungi ambaye angaliendelea kumwandikia liwali wa Sultani baada ya mwaka 1887.

Mafundi wa majahazi wa pwani hii wana ada ambayo fundi wa kompyuta hana budi kuirithi. Jahazi likivuja, fundi hakimbilii kusindika pamba kila mahali. Hulipandisha pwani maji yakitoka, hulikagua ubao kwa ubao, hutafuta pale maji yaingiapo kwanza, na ndipo hutia kalafati na kupaka deheni. Kadhalika katika sasisho linalokataa: katika mistari hamsini ya hitilafu ionekanayo kiooni, ule wa kwanza aghalabu ndio asili, na iliyobaki ni matokeo yake. Na kuna dawa moja iliyo mbaya kuliko maradhi yenyewe, nayo ni kuiamuru APT iache kukagua sahihi na hesabu ili sasisho lipite kwa nguvu. Aifanyaye hivyo amekubali kuutii waraka ambao hajui umeandikwa na nani.

Ada nyingine ya kale inafaa hata zaidi. Mtu wa kisiwani aliyekuwa na haja ya bidhaa za mbali aliandika hati ya mahitaji, akampa nahodha, naye nahodha akanunua mjini na kurudi na mzigo pamoja na hati, vikahesabiwa kwa pamoja. Katika Debian imo zana iitwayo apt-offline ifanyayo jambo hilo hilo: mashine isiyo na intaneti hutoa faili la orodha, faili hilo huchukuliwa katika flashi hadi mjini penye njia nzuri, vifurushi vikapakuliwa huko na kurudishwa, na mashine ikavihesabu yenyewe kabla ya kuvikubali.

Jambo hili si dogo kwa pwani iliyopatwa na misiba mikubwa. Oktoba 2017 vita vilizuka Mocímboa da Praia; tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga Ibo, Quissanga na Macomia; Machi 2021 Palma ikashambuliwa na mawasiliano yake yakakatwa, na maelfu ya watu wakatawanyika hadi Pemba na kuvuka Ruvuma. Mtu arejeaye kwake baada ya miezi au miaka, akaiwasha kompyuta iliyosalimika, hukuta betri ya saa imekufa, toleo limepitwa na wakati, anwani imehama na njia bado dhaifu, maradhi manne kwa pamoja. Naye akijua kuyatibu kwa mpangilio, saa kwanza, kisha anwani, kisha nafasi ya diski, kisha upakuaji, ataiokoa mashine ambayo mwingine angaliitupa, ilhali hana fedha ya kununua nyingine.

Nawasihi basi walimu wa Pemba, wa Mocímboa na wa Palma, na kila mwenye kompyuta katika shule au ofisi ya pwani hii: wekeni nakala ya bohari ya programu katika diski moja ya shule, ili vijana wasihitaji kuvuta kila kifurushi kutoka ng'ambo, wafundisheni kusoma mstari wa kwanza wa hitilafu kabla ya kugusa kitu, na kila tiba iliyofaa iandikwe katika daftari, kwa Kimwani, lugha ya pwani hii, au kwa Kiswahili, na chini yake litiwe jina la aliyeiandika na tarehe.