Hija Kabla na Baada ya Mwaka 632: Kisimamo, Soko na Kalenda

Masimulizi mengi kuhusu asili ya hija huanza na Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili wakiinua misingi ya Kaaba, kisha huruka hadi Hija ya Kuaga ya mwaka 632. Zama za ujahilia zilizo katikati hutajwa kwa haraka. Makala haya yanashikilia kwamba maana ya hija haieleweki bila ya zama hizo, kwani Uislamu ulibakisha sehemu kubwa ya matendo yake na kubadilisha nani asimame wapi, na lini.

Kabla ya Uislamu, hija iliambatana na masoko ya Ukadh, Majanna na Dhul-Majaz, yaliyofanyika katika miezi mitukufu ambamo vita vilikatazwa. Makureshi na washirika wao, walioitwa Humsi, walijihesabu kuwa watu wa Haram. Makabila mengine yalisimama Arafa, nje ya mpaka wa Haram. Wao waliishia Muzdalifa. Mgeni hakuruhusiwa kutufu kwa nguo alizokuja nazo: alitafuta nguo za Humsi, na akizikosa alitufu uchi. Utakatifu ulikuwa pia daraja la kijamii na, kusema kweli, biashara.

Qurani (2:199) iliwaamuru watu wote waondoke pale waondokapo wengine, yaani Arafa. Aya inayotangulia inaruhusu kutafuta riziki wakati wa hija. Basi biashara haikuharamishwa. Kilichofutwa ni upendeleo. Mwaka wa 9 Hijria, katika hija iliyoongozwa na Abubakari, ilitangazwa kuwa hakuna tena kutufu uchi. Mwaka uliofuata Mtume Muhammad (S.A.W.), naye Mkureshi, aliipita Muzdalifa na kusimama Arafa pamoja na umma.

Badiliko la kalenda halijapewa uzito unaostahili. Qurani (9:37) ilikataza nasii. Wafasiri wamehitilafiana iwapo nasii ilikuwa kuhamisha utukufu wa mwezi au kuongeza mwezi wa ziada ili hija isiache majira yanayofaa misafara. Kwa vyovyote, tangu hapo Mfungo Tatu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua, na huzunguka majira yote kwa miaka ipatayo 33. Hakuna nchi inayoweza kudai majira ya hija kuwa yake.

Uamuzi huo ungali na athari za kisera. Hija ya Juni 2024 iliangukia joto kali. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali, waliotembea juani bila ya mahema. Mgao wa mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni 1, uliokubaliwa na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu katika miaka ya 1980, huigawia kila nchi nafasi kwa idadi ya Waislamu wake, lakini haumalizi mahitaji. Katika miaka ya 2030 hija itakuwa nje ya kiangazi. Joto litapungua, wanaokwenda bila ya vibali watabaki nje ya huduma vilevile, na swali la nani asimame Arafa litabaki mikononi mwa wagawaji wa vibali.