Mwongozo wa Mwalimu wa Lugha katika Shule za Kakamega

Shule za Kakamega zilikaa zaidi ya nusu karne bila mwongozo wa mwalimu uliopigwa chapa kwa ajili ya somo la lugha. Waquaker walifika Kaimosi mwaka wa 1902, mapadri wa Mill Hill wakafungua misheni Mumias mwaka wa 1904, na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) wakapiga kambi Butere mwaka wa 1912. Maeneo hayo yote yalikuwa katika wilaya ambayo wakoloni waliiita North Kavirondo, na ambayo makao yake makuu baadaye yakawa mji wa Kakamega. Katika shule za vijijini kusoma kulifundishwa ili watu waweze kusoma Maandiko. Mwalimu alikuwa na kitabu kilekile walichokuwa nacho wanafunzi, mara nyingi nakala moja kwa darasa zima, na alifundisha jinsi alivyofundishwa yeye. Hapakuwa na maandalizi ya maandishi. Mpango wa somo ulikuwa ukurasa unaofuata.

Hata kama mtu angetaka kuuandika mwongozo, swali la kwanza lingekuwa uandikwe kwa lugha ipi. Waquaker waliandika Kimaragoli, misheni ya Kima ikatumia Kinyore, Mumias na Butere wakaegemea Kiwanga, na kila misheni ilikuwa na tahajia yake. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha iliyomhusisha L. L. Appleby wa CMS ilijaribu kuziunganisha lahaja hizo katika Kiluhya kimoja cha kuandikwa, na sarufi aliyoitunga Appleby ikatoka mwaka wa 1947. Wamaragoli hawakuikubali tahajia hiyo. Shule jirani, pengine kilomita chache tu kati yazo, ziliendelea kusomesha watoto kwa vitabu tofauti.

Kabla ya kuwa kitabu, mwongozo ulikuwa mtu. Mwaka wa 1925, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki, serikali ilifungua Jeanes School huko Kabete ili kuwaandaa walimu wasimamizi. Mwalimu wa Jeanes alizunguka shule za vijijini, akaketi darasani, akafundisha somo la mfano huku mwenye darasa akitazama, kisha akaenda zake hadi zamu nyingine. Mbinu zilizoenea kwa njia hiyo zilidumu kwa kadiri ya kumbukumbu ya aliyezitazama.

Mabadiliko makubwa yalianzia Nairobi mwaka wa 1957, Wizara ya Elimu ilipoanzisha kituo maalumu cha kutayarisha masomo ya Kiingereza cha darasa la kwanza. Jaribio lilianza katika shule za watoto wa Kiasia, na katika miaka ya 1960 likaenezwa katika shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach. Vitabu vyake vya Peak, vya Oxford University Press, vilikuja na miongozo iliyomwekea mwalimu kila kitu mbele yake: sentensi ya kutamka, picha ya kuonyesha, jibu la kungojea kutoka kwa watoto, na kazi ya kupewa kundi moja huku jingine likisoma. Sababu ya ukarimu huo wa maelezo haikuwa siri. Walimu wengi wa madarasa ya chini walikuwa wa daraja la P3, watu waliomaliza shule ya msingi kisha wakapata mafunzo ya miaka miwili, na sasa walitakiwa kuendesha darasa zima kwa Kiingereza. Mwongozo ulibeba Kiingereza ambacho chuo hakikuwa na muda wa kukijenga. Mpango ulipotanuka kuliko uwezo wa kuwanoa walimu na kuwakagua, shule nyingi zilibaki na vitabu bila mbinu zake.

Kuanzia mwaka wa 1968 kazi ya kutunga mitaala ilikuwa mikononi mwa Kenya Institute of Education, na vitabu vyake vingi vilichapishwa na Jomo Kenyatta Foundation. Kwa Kiswahili, tarehe kubwa ni 1985. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikifanya kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, ilhali walimu wengi waliokuwa kazini walikuwa wamesoma na kufuzu wakati Kiswahili hakikuwa na uzito huo. Mwongozo wa vitabu vya Kiswahili vya Masomo ya Msingi ukawa na kazi mbili: kumpangia mwalimu vipindi, na kumfundisha yeye mwenyewe ngeli na upatanisho wa kisarufi usiku wa kuamkia somo.

Ni katika kipindi hicho ambapo namna ya kuutumia mwongozo ilipata umbo linalojulikana hadi leo. Muhula ukianza, mwalimu huchukua silabasi na mwongozo, akachora azimio la kazi lenye safu za juma, kipindi, mada, shabaha, mbinu, nyenzo, asilia na maoni. Kurasa za mwongozo huingia katika safu ya asilia. Kutokana na azimio hutoka andalio la somo: utangulizi, hatua za somo, hitimisho. Safu ya maoni huachwa wazi hadi kipindi kiishe, ingawa wakaguzi wamezoea kukuta imejazwa neno moja, “limefaulu”, kuanzia juma la kwanza hadi la mwisho. Siku hizi maazimio yaliyokwisha kuandikwa huuzwa mtandaoni, na mwalimu asiye na muda huyachapisha akabadilisha jina la shule tu.

Jambo ambalo miongozo iliyotungwa Nairobi haikuweza kulijua ni ulimi wa mtoto wa Shinyalu au Ikolomani, huko Kakamega. Katika Kiisukha na Kiidakho sauti b, d na g hazisikiki ila zikitanguliwa na sauti ya nazali. Mtoto aliyekulia katika lugha hizo hutamka “papa” akimtaja baba, na “kari” badala ya gari, kisha huandika kama anavyotamka. Mwongozo wa nchi nzima huipa sauti ya b kipindi chake, ukaipa p kipindi kingine mbali nayo, kana kwamba hazina ugomvi. Mwalimu mzoefu wa eneo hilo huzileta pamoja: hupanga jozi za maneno kama bata na pata, doa na toa, goma na koma, akawafanya watoto wasikilize tofauti kabla ya kuandika. Zoezi hilo huandikwa kwa kalamu pembeni mwa ukurasa au katika andalio, na huenda likawa mchango bora kuliko yote uliofanywa na walimu wa Kakamega katika ufundishaji wa Kiswahili, ingawa halikuwahi kupigwa chapa.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa yalifurika. Shule zilichagua vitabu kutoka orodha iliyoidhinishwa na wizara, hivyo mwalimu aliyehamishwa kutoka shule moja hadi nyingine angeweza kukuta kitabu kingine na mwongozo wenye mpangilio mwingine. Serikali iliuacha utaratibu huo mwaka wa 2018 ilipoanza kununua vitabu na kuvipeleka shuleni moja kwa moja.

Mpango wa Tusome ulikuwa umetangulia. Ulianza mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa USAID, ukampa kila mwanafunzi wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, na kumpa mwalimu mwongozo unaotaja hatua za kila siku: mwalimu asome kwanza, asome pamoja na darasa, kisha watoto wasome wenyewe. Maafisa wa kusaidia mtaala walitembelea madarasa wakiwa na kompyuta za mkononi, wakasikiliza watoto wachache wakisoma, wakazungumza na mwalimu kuhusu somo alilofundisha. Kwa njia hiyo mwalimu wa Jeanes alirudi, safari hii akiwa na mwongozo mkononi. Baadhi ya walimu walilalamika kwamba hatua hizo zinawafunga. Kwa aliyetoka chuoni mwaka huohuo, zilikuwa ngazi ya kupandia.

Mtaala wa umilisi, uliowafikia wanafunzi wa Gredi ya 1 hadi ya 3 kote nchini mwaka wa 2019, ulileta lugha mpya ya kupangia masomo: matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi, maadili, tathmini. Pia uliziweka lugha za kiasili kwenye ratiba ya gredi hizo. Hapo Kakamega imerudi kwenye swali la enzi za misheni: lugha ipi itumike. Muundo wa mtaala wa lugha hizo ni mmoja kwa lugha zote na umeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Butere anapaswa kuugeuza uwe Kimarama, wa Malava Kikabras, wa Shinyalu Kiisukha. Hadithi, nyimbo na vitendawili vya somo huvitafuta mwenyewe, mara nyingi kwa wazee wa kijiji, na katika mji wa Kakamega, ambako darasa moja lina watoto wa lahaja mbalimbali na wengine wasio Waluhya, kipindi hicho aghalabu hufundishwa kwa Kiswahili.