Firewall: ni ukuta wa moto kweli?

Kila nikisoma makala ya Kiswahili kuhusu usalama wa mtandao nakutana na "ukuta wa moto", yaani firewall. Jamani! Kwetu chai ya moto huunguza ulimi. Ukuta wa moto basi ni ukuta usiogusika.

Najua mtetezi atasema nini: koti la mvua halikushonwa kwa mvua, wala dawa ya mbu haitengenezwi kwa mbu. Kweli, a-unganifu yetu hubeba hata maana ya kukinga. Lakini "-a moto" ina kazi yake tayari, nayo ni joto. Kiingereza hubandika maneno mawili bila kusema yanahusianaje: firewood huchomwa, firewall huzuia, na fireman wa garimoshi la mvuke aliuchochea moto ilhali mwenzake wa mjini huuzima.

Wenye neno kwanza ni waashi. Septemba 1666, moto ulioanzia kwa mwokaji mikate katika mtaa wa Pudding Lane uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 jijini London, nyingi za mbao na zimebanana. Sheria ya 1667 ikaagiza nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe, pamoja na kuta zinazomtenga jirani na jirani. Neno firewall lilikuja baadaye. Ukuta huo hauzuii moto kuwaka. Unakubali kwamba upande mmoja unaweza kuungua, ila uishie huko huko. Hata bati linalotenga injini na abiria ndani ya gari huitwa hivyo.

Kisha zikaja tarakilishi. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulirukaruka kutoka mashine hadi mashine kama cheche juu ya makuti. Inakadiriwa uliambukiza mashine 6,000 hivi, kati ya takriban 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti. Vichujio vya pakiti milangoni mwa mitandao vikapata watetezi wengi. Mwaka 1990 Bill Cheswick wa Bell Labs alieleza lango la kampuni yake, akakiri kwamba ni ganda gumu lenye kiini laini. Mwaka 1994 yeye na Steven Bellovin wakachapisha kitabu kizima kuhusu firewall.

Kiini laini ndicho kinachonifanya niikatae tafsiri hii. Anayesikia "ukuta wa moto" huwaza miale inayomchoma adui getini. Anaweka mmoja nje, basi. Ndani, kipakatalishi cha mgeni kinazungumza moja kwa moja na seva ya mishahara, na siku kimoja kikiambukizwa, ofisi nzima inaungua. Mwashi angeweka ukuta kati ya chumba na chumba.

Tunalo neno zimamoto, na hakuna anayelicheka. Mimi naandika zuiamoto. Mwenye jina bora alilete.