Mashujaa wa Karatasi

Ukitoka Ruiru kwenda Thika kwa njia kuu utapita Juja, na ukiisha kupita Juja utafika Witeithie. Jina hilo ni neno la lugha ya Kikuyu, na maana yake ni "jisaidie mwenyewe". Msomaji, liweke neno hilo akilini. Tutalihitaji mwisho wa safari yetu.

Katika Witeithie namjua mzee mmoja mwenye wajukuu, ambaye chini ya kitanda chake lipo sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo hamna hati ya shamba wala fedha. Mna magazeti ya kale ya hadithi za picha, kingo zake zimeliwa na mende. Wajukuu humcheka kwa kuyapenda makaratasi hayo. Siku aliyonifungulia sanduku, mimi nami nilicheka kimoyomoyo, maana mimi ni mwalimu, na nimewanyang'anya wanafunzi wengi vitabu vya namna ile na kuviita upuuzi. Leo nataka kumtetea mzee yule, na katika kumtetea hapana budi nijihukumu mwenyewe.

Kwanza, kumpenda shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu si jambo la kitoto wala si geni kwetu. Watu wazima wa pwani walikesha wakisikiliza habari za Fumo Liyongo karne nyingi kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kuzitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo hakuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Sindano ya shaba ya kitovuni ndiyo iliyomwua, na mkono ulioishika ulikuwa wa mwanawe. Hata alipokwisha kufa alibaki amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji. Wajaluo nao wanaye Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, na uhai wake ulikuwa kivulini. Siri hiyo ilitolewa na mke aliyetoka kwa adui zake.

Sasa itazame Marekani. Mwaka 1938, nchi hiyo ikiwa bado katika dhiki ya kazi na fedha, vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa Superman kwa ulimwengu. Huyu naye hapenyeki kwa risasi, lakini hulegea mbele ya jiwe litokalo katika sayari alikozaliwa. Je, hukumwona Liyongo na sindano yake? Bahari ni mbalimbali, lakini mawimbi ni yale yale. Katika hadithi zake za mwanzo Superman aliwaandama matajiri wadhalimu na waume wapigao wake zao, kwa kuwa hao ndio waliowaumiza wasomaji wake. Kila kizazi humchora shujaa kwa wino wa haja yake.

Haja ya mzee wetu ilikuwa nini? Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1960 likaanza kuuzwa Nairobi na katika miji mingine ya Afrika gazeti lililoitwa African Film. Halikuwa la michoro, bali la picha za kamera zilizoandikwa maneno ya wasemaji. Shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman, na aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Spearman hakuruka angani. Alivaa kofia ya Panama na tai ya kipepeo, akaendesha gari la fahari, akawashinda wabaya kama Rabon Zollo kwa akili na kwa ngumi.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "kabla ya huyu, katika picha nilizoziona, mtu mweusi alikuwa wa kubeba mizigo. Huyu alikuwa wa kutoa amri."

Nilipoyasikia maneno hayo kicheko changu kilikoma.

Lakini mtetezi mwema hafichi ila za anayemtetea. Spearman alipenda sigara na pombe kupita kiasi. Tena gazeti lake lilitolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey, mzungu wa Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilimnyima mtu mweusi haki ya kupiga kura. Kwa hiyo Mwafrika alikuwa bwana juu ya karatasi, na katika nchi ile ile alikuwa mtumwa wa sheria. Msomaji wa historia hana budi kuyaona mambo yote mawili kwa pamoja.

Baada ya miaka mingi, mwezi wa Februari 2010, wasomaji wa Kenya walipata Shujaaz, hadithi za picha kwa lugha ya Sheng, zikitolewa bure ndani ya gazeti la Jumamosi. Shujaa wake ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, naye hutangaza redio ya siri kutoka chumbani mwake. Hana mwili wa jiwe wala gari la fahari. Nguvu yake ni habari ifaayo. Hadithi moja ilifundisha kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula chake. Utaona, msomaji, jinsi shujaa alivyoteremka: Liyongo aliogopwa na sultani, Superman alishuka kutoka mbinguni, Spearman alikaa mjini, Boyie yu jirani yako, na alitendalo waweza kulitenda wewe kesho asubuhi.

Hapo ndipo jina la Witeithie linapotufaa. Shujaa wa karatasi hadhuru kwa kupendwa. Hudhuru kwa kungojewa. Amngojaye aje kumwokoa atazeeka mlangoni. Ampendaye akajiuliza, "Kwa nini tulimhitaji huyu, na mimi naweza nini?" amesoma historia, na kitabu chake kilikuwa na picha.

Juu ya magazeti ya Spearman mzee ameweka nakala za Shujaaz, alizoziomba kwa wajukuu wale wale wamchekao. Mimi nilirudi shuleni nikafungua kabati, nikavirudisha vitabu nilivyonyang'anya. Kimoja kingali mezani pangu. Mwenyewe alikwisha maliza masomo akaenda zake, na sina nimpaye. Nimekisoma mara mbili. Si upuuzi.