Kutoka Mregho hadi Video: Jicho na Neno katika Elimu ya Ufundi Kilimanjaro

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Walisema pia, asiyejua maana haambiwi maana. Methali ya kwanza hulisifu jicho, na ya pili hulitanguliza neno. Historia ya elimu ya ufundi katika miteremko ya Kilimanjaro yaweza kusomwa kama safari baina ya methali hizi mbili. Leo, vijana wengi wanapojifunza uhandisi kwa kutazama video katika simu, safari hiyo imefika mahali panapotudai tafakuri.

Tuanzie Kiboriloni, upande wa mashariki wa mji wa Moshi, kando ya barabara iendayo Himo. Hapa mji huonana na mlima, kwani barabara nyingine huchepuka kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, Old Moshi. Katika karakana za mitaa ya namna hii, fundi aliyekwama hutoa simu mfukoni. Atatafuta namna ya kuwaindi mota iliyoungua, au ya kusoma mchoro wa nyaya za gari, au ya kuunganisha paneli za sola na betri. Mwalimu wake yuko India, Marekani au Nigeria. Mikono ya mwalimu huyo anaiona barabara, lakini maneno yake huyapata nusu, na pengine asiyapate kabisa.

Kujifunza kwa kutazama si jambo geni mlimani. Kabla ya shule ya kwanza kujengwa, Wachagga walikwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji inayoyatoa maji katika makorongo ya juu na kuyapeleka kwenye vihamba vya migomba. Wageni wa Ulaya waliofika katika karne ya 19, akiwamo Charles New mwaka 1871, waliistaajabia. Mfereji ulipaswa kushuka kidogo kidogo: ukiinama mno, maji hubomoa kingo, usipoinama vya kutosha, husimama na kujaza tope. Wachimbaji hawakuwa na pimamaji ya kiwandani. Kipimo chao kilikuwa jicho lililozoea mteremko, na maji yenyewe. Walipokuta bonde, walivusha maji kwa magogo yaliyotobolewa. Kijana aliujua mfongo kwa kuwa alikwenda na wakubwa siku ya kuuzibua, akashika jembe na kusikia kila sehemu ikitajwa kwa jina lake. Jicho na neno vilikuwa pamoja.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa wahunzi. Chuma kilitoka Ugweno, Upare, kikafuliwa kuwa mikuki na majembe. Mtoto wa mhunzi alianza kwa kuvuta mivukuto, akitazama rangi ya chuma motoni, na baadaye sana ndipo alipokabidhiwa nyundo. Otto Raum, aliyechapisha kitabu chake kuhusu utoto wa Wachagga mwaka 1940, alieleza kwa kirefu jinsi watoto walivyojifunza kwa michezo ya kuiga kazi za wakubwa. Hiyo ilikuwa shule isiyo na kuta.

Jamii hiyo haikuliachia jicho peke yake. Ilikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, iliyotumika katika mafundisho ya vijana. Kila alama ilibeba fundisho, na mwalimu alizipitia moja baada ya nyingine huku akighani maneno yake. Mengi ya mafundisho hayo aliyaandika mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kuanzia mwaka 1910 hadi 1938, kwa vipindi, na kuyachapisha kwa Kijerumani katika juzuu tatu. Ni kweli kwamba mregho ulihusu zaidi uhai, ndoa na mwenendo kuliko ufundi wa mikono. Lakini njia yake ndiyo inayotuhusu hapa: alama ya kutazama, neno la kughani, na mtu mzima wa kuuliza. Sisi wapenzi wa ushairi tunapaswa kukumbuka kwamba mizani na vina vilikuwa vyombo vya kufundishia kabla ya kuwa pambo.

Kisha ikaja shule. Neno lenyewe tumelipata kwa Wajerumani, na lilikuja na utaratibu mpya: ubao, kitabu na mtihani. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mlima ulikutana na mashine kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana huko, na Kiswahili kikaiita gari la moshi bila kungoja ruhusa ya mtu. Hata hivyo, darasani neno lilianza kuachana na jicho. Mwanafunzi aliweza kuikariri sehemu ya mashine asiyopata kuiona, na fundi aliyeigusa kila siku hakuitwa msomi.

Jaribio la kuvirudisha viwili hivyo pamoja lilifanyika si mbali na Kilimanjaro. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa sinema za elimu uliofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, kuhusu mambo kama mmomonyoko wa udongo, utunzaji wa ngozi, safura na uwekaji wa akiba, zikazungushwa kwa lori katika nchi kadhaa. Picha ilikuwa moja, lakini maneno yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Mradi ulikuwa wa kikoloni, na mambo ya kufundishwa yaliamuliwa na wasio wenyeji. Pamoja na hayo, waendeshaji wake walilitambua jambo tunalolisahau leo: picha peke yake haitoshi, na lazima izungumze na mtazamaji kwa lugha yake.

Baada ya Uhuru, redio ilishika usukani. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa Kiswahili, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapa neno lilikuwa letu na jirani alikuwapo, ingawa picha ilikuwa haba.

Leo mizani imegeuka. YouTube ilianza mwaka 2005. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, mlango wa intaneti ya kasi ulifunguka, na simu janja zikaipeleka hadi karakanani. Picha zimekuwa tele, ila neno kwa sehemu kubwa ni la wengine. Ziko juhudi za kusifiwa, kama vile Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 kuwafundisha watoto hisabati na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Lakini anayetaka kujua kwa nini mota imeungua, na si kuitengeneza tu, huvuka upesi mpaka wa lugha.

Yapo madhara ya kweli katika hilo. Fundi anayeiga mkono bila kujua maana ataifaulu mota ile ile aliyoiona, na atashindwa inapobadilika kidogo. Katika umeme, onyo lisiloeleweka laweza kumgharimu mtu maisha. Tena aliyeishia darasa la saba hukutana na mlango uliofungwa si kwa uzito wa somo, bali kwa lugha ya mlinzi wa mlango.

Wala tusiseme kwamba Kiswahili hakina uwezo. Kimekuwa lugha ya mafundi kwa karne nyingi. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Msumeno tumeuunda wenyewe kutokana na meno yake. Gia, breki na klachi tumezitohoa na kuzipa makao. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Msamiati upo, haba ni sauti ya kuutamka mbele ya picha.

Tazama neno mkondo. Ni mwendo wa maji mtoni, na ndilo hilo tunalolitumia kwa mwendo wa umeme katika waya. Mtoto wa mlimani aliyewahi kuuzibua mfongo hahitaji maelezo marefu. Mwambie kwamba volti ni kama kimo kinachoyasukuma maji, na kwamba ukinzani ni kama wembamba wa mfereji unaoyazuia. Kisha mwambie kwamba volti 12 zikipita katika ukinzani wa ohmu 6, mkondo ni ampea 2. Mfereji ukiwa mwembamba maradufu, yaani ohmu 12, mkondo ni ampea 1 tu. Ameelewa kanuni, kwa kuwa neno limemrudisha kwenye jambo analolijua. Somo hilo hilo kwa lugha asiyoimudu ni kelele juu ya picha nzuri.

Basi kazi iliyo mbele yetu si kuibeza video, ambayo imelirudishia jicho heshima lililoipoteza darasani. Kazi ni kuirudishia neno. Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wazoefu wanaweza kurekodi masomo kwa Kiswahili, wakitaja kila kifaa kwa jina ambalo karakana inalielewa, na kamusi ikiwafuata hapo badala ya kuwangoja maktabani. Sisi wa lugha na ushairi tuna deni letu: kuwasikiliza mafundi kabla ya kuwabunia istilahi, na kuwapa maneno yanayokaa kichwani, kama waliofundisha kwa mregho walivyofanya. Simu imeshaleta alama za kutazama hadi Kiboriloni, na sasa inamngoja wa kuzisemea.