Jinsi ya kujenga TAZARA ya Tunduma sebuleni

Reli ya TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975, ina urefu wa kilomita 1,860. Hata ukiipunguza mara 120, bado ni kilomita 15.5! Hivyo chagua kipande kimoja tu: stesheni ya Tunduma hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Kipimo hicho kina faida. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067. Gawa kwa 120, unapata karibu milimita 9, sawa na reli za modeli aina ya N zinazouzwa tayari. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 10.

Unataka ijiendeshe? Weka sensa chini ya reli, uziunganishe na kompyuta ndogo ya Arduino. Treni ikifika mpakani umeme unakatwa, inasimama, kisha inaingia Zambia yenyewe, bila foleni kama ya malori.